Tairodi iliyochomelewa haijui mpaka

Msimu wa mvua uliopita nilipanda Land Cruiser pikapu kutoka Kayanza kuteremka Bujumbura. Nyuma kulikuwa na magunia ya viazi na maharage, na juu ya magunia watu saba. Tulipopita Bugarama, pale barabara inapoanza kushuka kona baada ya kona kuelekea ziwani, usukani ulianza kutetemeka. Dereva akapunguza mwendo. Kwenye kona iliyofuata gurudumu moja la mbele lilielekea mlimani na jingine bondeni. Tulisalimika kwa sababu mwendo ulikuwa mdogo, gari likaangukia mtaro wa upande wa mlima.

Tulipoinama kutazama, tulikuta tairodi imekatika. Hiyo ni fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja. Ilikuwa imekatika mahali ilipochomelewa, na ndani ya ufa kulikuwa na kutu ya siku nyingi iliyofichwa na rangi nyeusi. Mwenye gari, mfanyabiashara anayevuka mpaka kama wewe msomaji, alikuwa na karatasi zote: bima, kadi ya gari, stakabadhi za ushuru. Hakuna karatasi hata moja iliyosema lolote kuhusu ile fimbo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza swali moja kila ninapofika Kobero au Mugina: kwa nini tunakagua mzigo kwa makini kiasi hiki, na chuma kinachoubeba tunakiacha kipite?

Tuanze na sababu za watu kugusa ekseli ya mbele. Ziko mbili. Ya kwanza ni njia zetu. Anayefuata mazao kwenye vilima vya Makamba au vijiji vya Kigoma wakati wa mvua anahitaji gari lililoinuka. Ya pili ni historia. Burundi na Kongo tunaendesha kulia; Tanzania, Kenya na Uganda wanaendesha kushoto. Magari mengi yaliyotumika yanayotufikia kupitia bandari ya Dar es Salaam yametoka Japani, na usukani wake uko kulia. Ukiwa na gari hilo nyuma ya lori kwenye barabara ya Bujumbura, huoni kinachokuja mbele mpaka uwe umeshatoa nusu ya gari. Ndiyo maana wengine huamua kuhamishia usukani kushoto.

Sababu zote mbili ni za haki. Tatizo ni namna kazi inavyofanywa.

Gari likiinuliwa kwa springi ndefu, pembe ya ekseli hubadilika. Usukani hupoteza tabia ya kurudi wenyewe katikati baada ya kona, na gari hutangatanga kwenye lami. Fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani hulala kwa mwinamo mkali, na viungo vyake huvutwa hadi mwisho wa uwezo wao. Fundi anayejua kazi hurekebisha pembe ya ekseli kwanza, kisha hufunga fimbo yenye urefu unaofaa. Fundi wa haraka hukata fimbo ya zamani, huongeza kipande cha bomba katikati, huchomelea na kupaka rangi. Mtetemo ukitokea, hufunga shokapu mpya ya usukani. Mtetemo unapungua kwa wiki chache, ugonjwa unabaki palepale.

Kuhamisha usukani ni kazi kubwa zaidi. Boksi la usukani linahamia upande wa pili wa chasisi, na fimbo yake lazima igeuzwe. Kwenye Land Cruiser za springi za koili, ile fimbo inayozuia ekseli isihame kushoto wala kulia nayo lazima ifuate. Fimbo hizo mbili zinatakiwa zilale sambamba na kwa urefu unaokaribiana. Zisipolingana, kila gurudumu linapopanda tuta gari hukata kona lenyewe, wala dereva hajagusa usukani.

Na moto wenyewe ni adui. Mikono na viungo vya usukani hutengenezwa kiwandani kwa chuma kilichofuliwa na kupewa ugumu kwa joto lililopimwa. Ukikipasha kwa gesi ili kukinyoosha, unauvuruga ugumu huo bila kujua umebaki kiasi gani. Ukichomelea, pembeni ya weldi panakuwa pahali dhaifu panapoweza kuanza ufa. Haukatiki siku hiyo. Unasubiri mashimo, mzigo na mteremko.

Wapo watakaoniambia kwamba spea halisi hununuliwa kwa dola, na dola Bujumbura ni adimu. Ni kweli. Wapo watakaosema nawadharau mafundi wetu. Hapana. Buyenzi ina mafundi ambao wangeheshimiwa popote kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Kisekka, Kampala. Nawajua wanaokataa kabisa kuchomelea sehemu yoyote ya usukani. Wanachopata kwa uaminifu wao ni kumwona mteja akivuka barabara kwenda kwa jirani mwenye bei ya chini. Mteja huyo ni sisi. Tunabishana bei ya tairodi kama tunavyobishana bei ya kitenge, tukisahau kwamba kitenge kikichanika hakuna anayekufa.

Njia nafuu ipo, nayo imo ndani ya biashara yetu wenyewe. Toyota imetengeneza Land Cruiser za aina ya 70 kwa usukani wa kulia na wa kushoto. Nchi za Ghuba huendesha kulia kama sisi, na gari bovu la kule lina seti nzima ya usukani wa kushoto: boksi, fimbo, mikono na vishikizo. Seti moja iliyotumika lakini haijachomelewa ni bora kuliko vipande vitano vipya vilivyolazimishwa kukutana. Wenye maduka ya spea wakiagiza seti hizo kwa pamoja, gharama ya usafiri itagawanyika. Muhimu ni kuagiza kwa namba ya chasisi na kwa picha ya kifaa cha zamani. Fundi wa Bujumbura akisema rotuli na muuzaji wa Dar es Salaam akasikia boljointi, wanaweza kuwa wanazungumzia vitu viwili tofauti.

Kabla ya kununua au kukodi gari lililobadilishwa, inama mwenyewe chini ya bampa. Tafuta alama ya weldi kwenye kila fimbo ya usukani. Rangi mpya mahali pamoja tu ni dalili. Hakikisha nati ya kila kiungo ina pini yake. Mwambie mtu atikise usukani kulia na kushoto, injini ikiwa inawaka, nawe utazame kiungo kipi kinacheza bila kusogeza gurudumu. Ni kazi ya dakika kumi.

Serikali nazo zina deni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikaa ikakubaliana uzito wa malori, ikatunga sheria mwaka 2013 yenye kikomo cha tani 56, na leo mizani inalizingatia hilo. Tuliweza pia kuwa na bima ya kadi ya njano inayotambulika kutoka nchi moja hadi nyingine. Basi tunaweza kukubaliana jambo dogo zaidi: mabadiliko yoyote ya usukani na ekseli ya mbele yaandikwe kwenye kadi ya gari, pamoja na jina la gereji na tarehe, na cheti cha ukaguzi cha nchi moja kitambuliwe na nyingine. Fundi mwaminifu atapata jina lake kwenye karatasi, na mteja atajua anamlipia nini. Fundi wa bomba na rangi atafikiri mara mbili kabla ya kutia saini.

Mpaka hilo litokee, mkaguzi wa kwanza ni wewe mwenye mzigo. Wale watu saba juu ya magunia hawakuwa na nafasi ya kutazama chini ya gari. Walilipa nauli wakaamini kwamba mtu mwingine alishatazama.