Mnyama Kimya si Mnyama Salama

Wengi wetu huku Kigoma tunaamini kwamba mnyama asiyelia, asiyerusha teke wala kutikisa kichwa hana shida. Punda akisimama kimya chini ya mzigo tunasema amezoea. Akikataa, methali iko tayari: fadhila ya punda ni mateke. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi mzito kabisa dhidi yake unatoka kwenye mashindano ya farasi ya Ulaya.

Hatamu ya farasi wa mashindano ina ukanda unaozunguka pua na taya. Desturi ya zamani inataka vidole viwili vya mtu mzima vipite kati ya ukanda huo na mfupa wa pua. Lakini farasi anayeumizwa na lijamu hupanua kinywa, na mbele ya waamuzi kinywa wazi ni kasoro inayomgharimu mpandaji alama. Basi ukanda hukazwa, kinywa hakifunguki tena, na farasi huonekana mtiifu. Watafiti waliopima farasi 750 mashindanoni huko Ireland, Uingereza na Ubelgiji, na kutoa matokeo mwaka 2017, walikuta asilimia 44 wamekazwa hata nafasi ya kidole kimoja haipo. Waliofungwa kwa kipimo cha vidole viwili walikuwa asilimia 7 tu. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Australia uliohusisha farasi 12 ulionyesha kinachotokea ndani ya mnyama huyo mtulivu: ukanda ulipokazwa kabisa, moyo ulienda mbio, joto la macho likapanda, kutafuna kukapungua, na kulamba kukakoma. Ulipofunguliwa, farasi walimeza na kupiga miayo kupita kawaida, kama wanaolipa deni. Ule utulivu uliotuzwa alama ulikuwa wa mnyama aliyezuiwa kueleza taabu yake.

Watetezi wa ukanda uliokazwa wana hoja inayostahili jibu. Utafiti wa Denmark uliochunguza farasi zaidi ya 3,000 ulikuta vidonda vya pembe za mdomo vingi zaidi kwa waliofungwa ukanda uliolegezwa. Hilo ni kweli. Lakini kinywani watafiti hao waliangalia pembe za mdomo tu. Ndani ya mashavu, ambako ngozi laini hubanwa dhidi ya meno, hawakufika. Tena kidonda cha pembe ya mdomo kinasababishwa na lijamu na mkono unaovuta vigwe. Dawa yake ni kuulegeza mkono huo. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, halikushawishika na hoja ya kukaza, na mwaka 2025 lilianza kutumia kifaa kimoja cha kupimia ukanda mashindanoni.

Atatokea wa kuuliza farasi wa Ulaya wanatuhusu nini, watu wa huku Ujiji ambao historia ya njia yetu ya misafara kutoka pwani ni ya wapagazi, kwa sababu mbung'o hawakuwaacha wanyama wa mizigo waishi. Wanatuhusu, maana kosa hilo hilo la kuamini ukimya limewahi kufanyika njiani kuja ziwani Tanganyika. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa pwani, Msasani, waelekee Karema, kwenye ufuko wa ziwa kusini mwetu. Mbung'o waliwauma, nao wakaendelea kutembea na mizigo yao, na wenye msafara wakafurahi kwamba wamepata mnyama asiyedhurika. Wa kwanza alifia Mpwapwa, na wa pili naye hakuiona Karema. Kutembea kwao kulichukuliwa kuwa cheti cha afya.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, lakini itasaidia nini ikiwa anayeitekeleza anasubiri mnyama alie? Punda, ambaye kwa asili huficha maumivu asionekane dhaifu mbele ya adui, hatamlilia afisa mifugo. Kwa hiyo ukaguzi kwenye mnada wa mifugo uache kuuliza kama mnyama ametulia. Afisa apitishe vidole chini ya kamba ya kichwa na ya kifuani, ainue matandiko aone mgongo, na kamba isiyopitisha vidole ilegezwe pale pale, mwenye punda akiwa anatazama. Kazi hiyo haihitaji bajeti, na inaweza kuanza kwenye mnada ujao.