Posho ya Kudodosa
Vyuo vikifungwa, mwanachuo wa Kasulu au Kibondo mwenye bahati hupata kibarua cha utafiti: kubeba kishikwambi na kudodosa kaya baada ya kaya. Malipo yakija pungufu kwa asilimia 5, hulalama kapunjwa. Hapana, hiyo ni kodi ya zuio, na aliyekata anawiwa kukupa cheti chake. Dai cheti hicho, mdogo wangu, na uwe na namba ya mlipakodi (TIN). Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inasamehe ufadhili wa ada. Ujira hausamehewi hata ukiitwa posho (na siku hizi kila kitu posho). Ila mkazi ambaye mapato yake ya mwaka mzima hayazidi shilingi 3,240,000 kiwango chake ni sifuri. Kwa hiyo jaza ritani ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), utaje ulicholipwa kabla ya makato, kilichozuiwa kihesabiwe upande wako.