Kofia Isibane Paa

Saa nne usiku, mwezi wa Februari, Dar es Salaam. Panda juu ya stuli uguse dari la jipsamu chumbani. Jua lilizama zaidi ya saa tatu zilizopita, lakini dari bado lina joto kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Feni inazunguka, inarudisha joto lilelile kitandani, na mtoto amelowa jasho hadi kwenye mto.

Mchana kutwa bati limepigwa na jua. Hewa iliyo kati ya bati na dari imepata moto, ikapanda hadi kwenye mgongo wa paa, na huko ikakuta kofia, yaani bati linalofunika mgongo huo, imebanwa kila upande. Hata matundu madogo yanayoachwa na mikunjo ya bati, fundi ameyaziba. Hewa haina pa kutokea.

Tunasema iachiwe njia. Wakati wa kupaua, mabati ya pande mbili yasikutane juu kabisa. Pabaki mwanya wa sentimita mbili tatu kila upande, kofia iinuliwe kidogo juu ya vibao, na iwe pana ya kutosha ili mvua ya upepo isiingie. Upepo unaopita juu ya paa husaidia kuvuta hewa ya moto nje.

Wengi hukosea chini. Mwanya wa juu haufanyi kazi ipasavyo bila matundu ya kuingiza hewa ya nje, na mahali pake ni chini ya paa linalotokeza nje ya ukuta, pande zote mbili za nyumba. Ukiziba huko, umepoteza fedha.

Wavu ni lazima, juu na chini. Mbu waenezao malaria hupenda sana kupitia upenyo ulio kati ya ukuta na paa, na popo nao hawahitaji mlango mkubwa. Kwa nyumba za Kigamboni au Bagamoyo, wavu wa chuma cha kawaida utaliwa na chumvi ya bahari. Tafuta wa alumini. Na kwa kuwa wavu wenye matundu madogo hupunguza hewa na kushika vumbi, mwanya usibanwe mno.

Mafundi hutuambia paa litavuja. Litavuja kama kofia ni nyembamba au imewekwa ovyo, na hilo ni kweli kwa paa lolote. Kinachotutia hofu zaidi ni kuifanya kazi hii baadaye: kung'oa misumari na kuacha bati na matundu ya zamani. Wakati wa kupaua, gharama inayoongezeka ni wavu, vibao na upana wa kofia.

Kwa hiyo halmashauri, zinapopitia michoro ya kuombea kibali cha ujenzi, ziulize hewa ya darini inatokea wapi. Mwenye nyumba naye amuulize fundi hivyo hivyo kabla kofia haijapigwa msumari wa kwanza.