Ukiwa na Laki Tisa, Tafuta Ndai ya Laki Sita

Wasee, wacha niseme mapema ili mwenye kukasirika akasirike mapema: kama pesa zako zote zinaishia kwa muuzaji siku ile unachukua funguo, hujafika bei ya Golf GTI. Haijalishi amekupunguzia ngapi. Umefika bei ya kuiendesha mpaka nyumbani, basi.

Tangu nianze kuweka picha za ndai yangu hapa, maswali yanayoingia inbox ni yaleyale. "Buda, nina laki nane, naeza pata GTI?" "Nina laki tisa, nichukue Golf ama Subaru S-GT?" Wengi ni vijana wa rika langu, wa hapa Khayega, Shinyalu, Kakamega mjini, wengine Kisumu. Na hizo doo si za kuokota. Mmoja aliuza pikipiki mbili za boda alizokuwa ameandikia vijana. Mwingine, na huyu ndiye amenifanya niandike leo, anatumia pesa za dada yake anayefanya kazi za nyumba Saudia. Dada ametuma akiba yake anunuliwe gari la kufanya kazi, arudi alikute linamngoja. Kaka yake ananiuliza turbo gani inavuma vizuri.

Hebu kwanza tuelewane kwa nini hizi gari zimekuwa rahisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. GTI ya kizazi cha tano ni ya kuanzia 2004 hadi karibu 2008, ya sita ikafuata 2009 hadi 2012. Piga hesabu mwenyewe. Gari la 2008 lilikuwa na mpaka mwisho wa 2015 kuingia nchini, na la 2012 mpaka mwisho wa 2019. Kwa hivyo mtu akikuonyesha GTI ya tano leo na kukwambia imetoka Japani juzi, muulize hiyo juzi yake ilikuwa mwaka gani. Hiyo ndai imekula barabara zetu miaka kumi hivi. Mwenyewe wa kwanza alikuwa anaipeleka kwa wataalamu. Wa pili akaanza kuweka oili yoyote iliyo karibu. Wa tatu akatoboa ekzosi ndiyo ipige kelele. Wewe ndiwe wa nne, na bei imeshuka kwa sababu kazi yote ambayo wale wengine waliiruka bado iko chini ya boneti, inakungoja wewe.

Nikupe mfano wa kitu kidogo kabisa. Injini ya GTI 5, ile 2.0 ya turbo, ina kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kamshafti na pampu ya mafuta ya presha kubwa. Ukikishika mkononi unaweza kudhani ni kifuniko cha soda. Kinalika polepole. Kikitoboka, pampu inaanza kusaga kamshafti yenyewe, na hapo umetoka kwenye spea ya pesa kidogo ukaingia kwenye kazi ya kufungua kichwa cha injini. Kukiangalia kunahitaji vifaa vya kawaida na subira ya saa moja hivi. Sasa muulize muuzaji, "Hicho kikombe kilibadilishwa lini?" Jibu lake litakwambia mengi kuliko rangi ya gari. Mimi wangu alinitolea cha zamani kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na risiti ya kipya. Nililipa zaidi ya bei ya soko na sikujadiliana sana.

Giaboksi nayo. DSG ya gia sita, ile iliyo kwenye GTI, klachi zake zinaogelea kwenye oili, na hiyo oili pamoja na filta hubadilishwa kila kilomita 60,000. Kuna mafundi watakuambia eti ni oili ya maisha. Maisha ya nani? GTI 5 ina taimingi belti. Kama hakuna ushahidi wa lini ilibadilishwa, chukulia haijawahi, na ubadilishe pamoja na pampu ya maji. GTI 6 ina cheni, na za kabla ya 2012 zina kile kikaza-cheni kinachojulikana kwa kulegea. Ikiruka meno, vali zinagongana na pistoni na hadithi imeisha. Dalili yake ni mkwaruzo wa sekunde chache ukiwasha injini ikiwa baridi kabisa.

Ndiyo maana kuna siku nilienda kuangalia moja Kisumu, kabla sijapata hii, nikageuka bila hata kuiendesha. Nilikuwa nimeomba injini isiwashwe mpaka nifike. Nikaweka mkono juu ya boneti: moto kama sufuria ya ugali. Jamaa akasema alikuwa ameisogeza tu kivulini. Kivuli chenyewe kilikuwa hatua kumi. Nikamshukuru, nikarudi steji kupanda matatu ya Kakamega.

Halafu kuna mtego ambao unawanasa wengi: Golf 1.4 TSI iliyovalishwa nembo ya GTI. Nembo unanunua dukani. Usiangalie nembo, angalia ujazo wa injini kwenye logibuku. GTI halisi ni 1984. Ukiona 1390, hiyo si GTI, na nyingi za hizo zina DSG ya gia saba yenye klachi kavu, giaboksi ambayo Volkswagen wenyewe mwaka 2013 walilazimika kuita zaidi ya magari milioni moja duniani ili wabadilishe oili yake. Si kwamba zote ni mbovu. Nasema tu usilipe pesa za fahali ukapelekewa ndama.

Na nikitaja fahali, hapa ndipo watu wa nyumbani huniacha nikishangaa. Mtu wa Isukha hawezi kununua fahali wa kupigana kwa picha ya simu. Atafunga safari. Atataka kujua alizaliwa kwa nani, amelishwa nini, alipigana na nani Malinya, na kama siku hiyo alisimama ama alikimbia. Atazunguka nyuma, aangalie miguu, aangalie macho, aulize majirani. Anajua huyo mnyama halimi wala hakamuliwi, ni gharama tupu na heshima, na kwamba kumlisha vibaya mwezi mmoja kutaonekana asubuhi ya mchezo mbele ya umati wote na isukuti zikilia. Sasa mtoto wa huyohuyo mzee anatuma amana ya laki moja kwa mtu hajawahi kumwona, kwa sababu video ilikuwa na muziki mzuri.

Najua wazee nao wana jibu lao: nunua Probox. Sikubaliani nao pia. Raha ya gari ni kitu halali. Mtu akitumia pesa zake alizozitolea jasho, akapata gari linalopanda kutoka Kiboswa kwenda Majengo bila kuomba ruhusa, lakini lina milango mitano na linabeba gunia la mahindi ukikunja viti vya nyuma, simwoni kama mjinga. Hiyo ndiyo maana ya hachibaki ya nguvu: gari moja kwa shughuli zote. Jumatatu linapeleka mama kliniki, Jumamosi linakuchekesha peke yako barabarani.

Tofauti yangu na wale wa "maintenance ni uoga" ni hesabu tu. Theluthi moja ya pesa zako isiguse gari. Ukiwa na laki tisa, wewe ni mnunuzi wa gari la laki sita. Laki tatu inabaki kwenye sacco ama M-Pesa, popote ambapo hutaitumia kwa rimu. Wiki ya kwanza itaanza kuondoka: oili ya injini, oili ya giaboksi, plagi, labda koili, belti, breki, tairi nne za maana. Tairi nazisisitiza kwa sababu hapa kwetu mvua ya alasiri haibishi hodi, na nguvu za GTI zote zinapita magurudumu ya mbele. Ukiwa na tairi za mtumba zilizokauka, huna gari la mbio, una sabuni.

Mtu ataniuliza, na Subaru je? Impreza S-GT ile ya mgongo mfupi ina turbo, ina farasi 250, inavuta magurudumu yote manne, na uzuri wake mkubwa huku kwetu ni kwamba fundi wa Subaru hakosekani. Golf yangu, kazi za breki na shoko nafanya hapahapa Khayega na fundi ni mkali kweli, lakini kitu kikihusu kompyuta au giaboksi naenda Kisumu, kama kilomita 40, na spea nyingine nangoja zitoke Nairobi. Subaru hunipi shida hiyo. Shida yake ni waliokuwa nayo. Kupata S-GT ambayo haijawahi kupigwa usiku kucha na vijana wa mtaa ni kazi. Na belti yake pia, ikikatika, vali zinakutana na pistoni vilevile. Ukiipata safi, yenye risiti, ya mtu mzima, chukua kabla sijaiona.

Kama laki sita haikufikishi kwenye GTI safi, usishuke kwenye GTI chafu. Shuka kwenye gari lingine. Suzuki Swift Sport haina turbo, ina 1.6 na cheni, ni nyepesi, na ikiwa ya gia za mkono utacheka zaidi kwa spidi ndogo. Honda Fit RS ya 1.5 vilevile. Wasee watakucheka kwenye kituo cha mafuta, halafu tarehe 14 EPRA itangaze bei mpya, kicheko kipungue.

Kuhusu zile remapu za kupiga risasi kwenye ekzosi, sitaki hata kubishana. Hizo risasi ni mafuta yako yanaungua mahali ambapo hayakupaswa kuungua, na joto lake linakula turbo na katalisti. Na barabara yetu haijajengwa kwa ajili ya video zenu. Kutoka Khayega kupitia Sigalagala, Chavakali, Mbale, kila baada ya dakika chache ni soko, bodaboda inakata kona bila kuangalia, watoto wa shule wamevaa sweta za rangi ya giza saa kumi na mbili asubuhi. Sokoni sheria ni 50. Mimi huzifuata hizo 50, na aliye nyuma yangu apige honi mpaka ichoke.

Kwa yule wa dada wa Saudia, nimekuandikia kwa faragha lakini nairudia hapa kwa sababu najua hauko peke yako. Turbo ya miaka kumi na tano hainunuliwi kwa pesa za mtu ambaye hayupo kuisikia ikibadilisha sauti. Ikiharibika mwezi wa pili, wewe utapoteza gari. Yeye atakuwa amepoteza miezi ya kuamka saa kumi usiku kwenye nyumba ya wenyewe, na bado atakuwa huko. Mtafutie gari la kazi alilosema, liandikishwe kwa jina lake kwenye logibuku. Fit ya kawaida inatosha. Ile tamaa yako ya GTI iweke, ni tamaa nzuri, utailipia mwenyewe.

Na nyinyi wengine ambao pesa ni zenu, mkitaka jicho la pili nitakuja. Jumamosi baada ya mchezo wa fahali niko huru, nina skana na mazoea. Beba tochi, na mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hatujafika.