Mwethya Uingie Darasani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akifika Mtito Andei, huwa ameingia Makueni. Mashariki yake ndiko Kitui. Nchi hizo zina ukame, na wenyeji wake Wakamba wana ada ya tangu zamani iitwayo mwethya: majirani hukusanyika wakafanya kazi ya mmoja wao, kisha zamu ikamwendea mwingine. Kwa mikono ya namna hiyo yamechimbwa matuta ya kuzuia udongo, na kuta zimejengwa mitoni ili mchanga ukae na kuhifadhi maji.

Ajabu ni kuwa mtoto aliyeyaona hayo kwao, akiingia darasani mara nyingi hufunzwa kinyume. Akimgeukia mwenziwe huambiwa anapiga domo. Akimweleza jambo huambiwa anampa majibu.

Hasara hiyo huonekana zaidi katika Kiingereza. Tupige hesabu, ndugu wasomaji. Kipindi kiwe cha dakika 40, na wanafunzi wawe 50. Hata mwalimu asipotamka neno, akawapa zamu mmoja mmoja, hakuna atakayepata dakika nzima ya kusema. Na lugha haiingii ila kwa kusemwa. Wakigawanywa wanne wanne, kila mtoto atakuwa na nafasi ya kusema, na watatu wa kumsikiliza.

Lakini kukaa pamoja si kushirikiana. Wape wanne kazi moja, mwerevu ataifanya na watatu watamtazama. Ushirikiano wafaa ufundishwe. Mmarekani Elliot Aronson alionyesha njia moja huko Austin, Texas, mwaka 1971: habari hukatwa vipande, kila mtoto akapewa chake akisome na kuwaeleza wenziwe. Hapo hata yule mwenye haya hana budi kusema, na mwerevu hana budi kumsikiliza, kwani kipande hicho hanacho. Huo si mgeni Ukambani. Ni mwethya wenyewe.

Wako watakaosema kuwa watoto watazungumza Kikamba. Na wazungumze kidogo, ilimradi waelewane, kisha jibu walitoe kwa Kiingereza. Zamani katika skuli nyingi za Kenya, aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni. Aliyeaibishwa hivyo hujifunza kunyamaza tu.

Wazazi nao huhofu kuwa mtoto hodari atacheleweshwa na wazito. Sisi wa pwani tuna ushahidi ulio karibu. Katika vyuo vyetu vya Kurani, aliyetangulia husomesha wadogo huku maalimu akisikiliza. Hatujaona hifadhi ya mtu ikipungua kwa kusomesha, huzidi kushika.

Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kuenezwa mwaka 2019, umeweka mawasiliano na ushirikiano kuwa moja ya stadi 7 za msingi. Hilo ni jema, ila maandishi peke yake hayafundishi. Vyuo vya ualimu viwazoeze walimu kugawa kazi, kusimamia vikundi na kumuuliza kila mtoto kwa zamu yake. Walimu wakuu nao wasidhani kuwa darasa lenye sauti ni darasa lenye fujo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama wa Kitui na Makueni walijua hilo shambani. Watoto wao wasinyimwe skuli.