Boti imejaa kiasi gani? Swali la mzazi kabla ya kukata tiketi

Wiki ya kuelekea Idi au Krismasi, dirisha la tiketi za boti huwa na jibu moja tu: nafasi ipo. Mzazi mwenye watoto watatu na mabegi manne analipokea jibu hilo kwa shukrani, analipa, anaondoka. Hajauliza nafasi zimebaki ngapi, wala boti itakayoondoka ni ipi. La kushangaza, mzazi huyohuyo akienda kliniki humuuliza nesi jina la kila chanjo.

Neno “imejaa” lenyewe lina utata. Kwenye meli kubwa za watalii, zile zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar kwa siku moja kisha zinaendelea na safari, hesabu hufanywa kwa watu wawili kila chumba. Familia ikilaza watoto wawili zaidi kwenye vitanda vya ziada, meli inakuwa imejaa kwa zaidi ya asilimia 100 na hakuna sheria iliyovunjwa. Meli ya Icon of the Seas, kwa mfano, huhesabiwa abiria 5,610 kwa mtindo huo, ingawa inaweza kubeba hadi 7,600. Kwa mzazi aliye humo, kujaa maana yake ni foleni ya chakula, bwawa lisilo na pa kukanyaga na magonjwa ya kuhara yanayosambaa haraka.

Kwenye boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja, au kivuko cha Ziwa Victoria, kujaa ni jambo jingine. Huko namba inayohesabika ni moja: idadi ya juu ya abiria iliyoandikwa kwenye cheti cha usalama cha chombo. Viti vikiwa wazi haibadiliki, na watu wakikubali kusimama haibadiliki vilevile.

MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliofariki peke yao ni 228. Ilikuwa siku ya gulio Bugorora, watu wanarudi na mizigo yao. Iliripotiwa kwamba aliyekuwa akikata tiketi naye alifariki na mashine yake ikapotea, hivyo ikawa vigumu kujua walipanda wangapi. Miaka 22 kabla, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na mpaka leo makadirio ya waliokufa yanatofautiana kwa mamia. MV Spice Islander iliyozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba iliruhusiwa abiria wasiofika 700. Uchunguzi ulikuja kuonyesha waliokuwemo ni zaidi ya 2,000.

Katika hesabu za namna hiyo, wa kwanza kupotea ni mtoto wa kupakatwa. Mara nyingi halipiwi nauli, hana kiti, na asipoandikwa hayupo. Kanuni za kimataifa za SOLAS, zinazohusu meli za safari za nje, zinataka kila aliyemo ahesabiwa kabla ya chombo kuondoka, na kwa safari ndefu majina yaandikwe yakionyesha nani ni mtu mzima, nani mtoto, nani mchanga. Mzazi wa safari ya ndani naye ana haki ya kudai jina la mwanawe liingie kwenye orodha, hata kama tiketi yake ni ya sifuri shilingi. Mtu wa dirishani anaweza kukunja uso. Akunje tu.

Kujua boti itajaa kiasi gani hakuhitaji kujuana na mtu bandarini. Anayepiga simu ofisi ya kampuni aulize maswali mawili: chombo gani kitatoka saa hiyo, na nafasi zilizobaki ni ngapi. Swali la kwanza lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu chombo kikipata hitilafu huweza kuletwa kingine kidogo, na tiketi zilikwishauzwa. Kwa kampuni zinazouza mtandaoni kuna njia nyepesi zaidi: kuweka idadi ya abiria kumi bila kulipa. Mfumo ukikataa kumi, ukakataa sita, ukakubali wawili, jibu limepatikana. Tahadhari ni kwamba tovuti inaweza kuwa imegawiwa sehemu tu ya viti, vingine viko kwa mawakala, kwa hiyo simu bado inahitajika.

Siku zenyewe zinajulikana. Mkesha wa sikukuu, Ijumaa jioni, wikiendi ya shule kufunga na kufungua, na siku za gulio kwa wa visiwani ziwani. Kuondoka siku mbili kabla, au kwa boti ya asubuhi katikati ya wiki, kunapunguza msongamano kuliko daraja la VIP.

Kisha kuna macho. Mizigo iliyopangwa kwenye njia ya kutokea, watu waliokaa kwenye ngazi, watu wanaopanda bila tiketi kukaguliwa. Meli kubwa huwa na alama ubavuni, duara lililokatwa na mstari. Mstari ukiwa umezama majini ilhali meli bado iko gatini, huenda mzigo umezidi. Hapo kushuka na kupoteza nauli ni uamuzi wa mtu mzima, japo bibi upande wa pili ameshachinja kuku.

Jaketi la kuokolea maisha nalo liulizwe kabla ya kung’oa nanga. La mtu mzima humchomoka mtoto likabaki linaelea peke yake. SOLAS inataka jaketi za watoto zisipungue asilimia 10 ya abiria, na ziongezwe mpaka kila mtoto apate lake.

Kichefuchefu ni jambo dogo likilinganishwa na hayo, ila ndilo wazazi wengi huuliza. Watoto wa chini ya miaka miwili hawasumbuliwi sana. Wakubwa kidogo wakae katikati ya chombo, wale chakula chepesi, watazame mbali na si kwenye simu. Dawa ya promethazine asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, hata jirani akisema aliwapa wake.

Kabla ya kupanda, tiketi zote zipigwe picha, pamoja na ya mtoto mchanga, na picha itumwe kwa anayewapokea ikiambatana na jina la chombo na saa ya kuondoka. Chombo kikibadilishwa gatini, atumiwe jina jipya.