Mtoto wa Kawangware Atacheza Wapi?



Fungua Zekaria 8, mstari wa 4 na wa 5. Hekalu bado linajengwa, kuta za Yerusalemu ni magofu. Nabii anaonyeshwa nini? Wazee wameketi na fimbo zao katika njia za mji, na wavulana na wasichana wakicheza hapo hapo. Mji ukiponywa na Mungu, watoto hupata mahali pa kucheza. (Najua baadhi yetu tulilelewa tukiambiwa mpira ni wa watu wa dunia. Paulo alihubiri kwa mifano ya mbio na ndondi, soma 1 Wakorintho 9.)

Sasa ipime Nairobi yetu. Hapa Lavington mtoto wako ana mwalimu wa kuogelea, na wikendi mnaenda Karura kuendesha baiskeli. Ni baraka, sikatai. Lakini fuata Gitanga Road hadi Kawangware: wenzake wanapiga mpira wa makaratasi katikati ya bodaboda.

Na hiyo Karura unayoifurahia, kuna mtu aliilipia. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, akakejeliwa hadi Bungeni. Januari 1999 alikwenda kupanda mti Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wajenzi, akapigwa hadi damu ikamtoka kichwani. Leo tunatembea pale tukipiga picha. Usiniambie viwanja ni siasa, si mambo ya kiroho.

Basi nasema wazi kabla ya mkutano wa washirika: uwanja wa kanisa letu ufunguliwe kila Jumamosi kwa watoto wa majirani. Hoja nimezisikia. Magari yatakwaruzwa, maua yatakanyagwa, watoto watapiga kelele wakati wa mazoezi ya kwaya. Gari hupakwa rangi, mpendwa. Kwaya nayo ina spika. Ile ardhi tunaitumia masaa machache kwa wiki, siku nyingine geti limefungwa na soja anafukuza watoto. Tukiendelea hivyo, tutawalaumuje waliogawana Karura?

Mkutano ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Njoo useme lako, hata kama hukubaliani nami. Na ukiwa na mpira uliolala tu nyumbani, uje nao.